Orodha yangu: Vibao vitano vya Freddie Mercury, mtoto wa Unguja

Timu yako ikishinda fainali, ya shule au ya mtaa, kuna wimbo fulani lazima DJ auweke. Unaujua hata kama maneno unayabahatisha. Jamaa aliyeutunga alizaliwa hapa jirani tu, Unguja. Basi nakupa nyimbo tano ninazozipenda zaidi kutoka kwake na bendi yake ya Queen, tukianzia mkiani. Ukibisha, andika orodha yako.

5. We Are the Champions (1977)

Ndio huo wa fainali. Mwenyewe alizaliwa Septemba 5, 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka India, na babake alifanya kazi katika serikali ya kikoloni. Akiwa na miaka kama minane alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Huko ndiko wenzake walianza kumwita Freddie, na huko alipiga piano kwenye bendi ya wanafunzi. Mtoto aliyekulia mbali na mamake ndiye alikuja kutunga wimbo ambao watu huuimba wamekumbatiana.

4. Seven Seas of Rhye (1974)

Huu ndio uliowatoa. Lakini kabla ya hapo, msee alihangaika. Mapinduzi ya 1964 yalipotokea Zanzibar, familia yake ilihamia Feltham, karibu na London. Alibeba mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow, akasomea sanaa Ealing, kisha akauza nguo pamoja na Roger Taylor katika soko la Kensington. Naam, mitumba, kama tu ya Gikomba! Mwaka wa 1970 wakaunda Queen na Brian May. John Deacon akajiunga mwaka uliofuata. Nembo ya bendi aliichora Freddie mwenyewe.

3. Bohemian Rhapsody (1975)

Najua, utasema hii ni namba moja. Tulia. Ni ngoma ya karibu dakika sita isiyo na kiitikio, inayoanza polepole, ikaingia opera, halafu gitaa zikapasua spika. Wakubwa wa kampuni ya rekodi waliona ni ndefu mno kwa redio. Mtangazaji Kenny Everett wa London akaicheza mara 14 wikendi moja, na ikakaa kileleni Uingereza wiki tisa. Sikiliza katikati: utasikia bismillah, neno ambalo Unguja hutajwa kabla ya kila mlo. Freddie hakupenda kuwasimulia waandishi habari za kwao. Mimi nikifika hapo, naisikia Zanzibar.

2. Radio Ga Ga (1984)

Aliyeutunga ni Taylor, mpiga ngoma, lakini Freddie ndiye aliyeupa uhai jukwaani. Tafuta video ya Live Aid, Julai 13, 1985, uwanja wa Wembley. Lilikuwa tamasha la kuwachangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, majirani zetu. Queen walipewa dakika kama 20 tu. Tazama Freddie akiwa na fulana nyeupe, jua bado linawaka, na watu zaidi ya 70,000 wakipiga makofi kwa pamoja kama darasa moja. Mimi hurudia kipande hicho nikiwa nimechoka na dunia.

1. The Show Must Go On (1991)

Sehemu kubwa ya wimbo huu aliutunga May. Freddie aligunduliwa kuwa na virusi vya Ukimwi mwaka wa 1987, na ni watu wachache wa karibu waliojua. Walipourekodi, hata kutembea kulimtatiza. Inasimuliwa kwamba May alihofia noti zile za juu zingemshinda. Freddie akapiga vodka, akaingia, akaimba. Usikilize ukitafuta mgonjwa. Humpati.

Novemba 23, 1991, aliutangazia ulimwengu hali yake. Kesho yake akafariki. Alikuwa na miaka 45.

Muulize mamako au shangazi yako kuhusu miaka hiyo. Hapa kwetu pia watu walizikwa na ugonjwa wao ukiwa siri, jirani wakinong'ona nyuma ya hema la matanga. Kwa hivyo simlaumu Freddie kwa kunyamaza. Kinachoniuma ni kwamba dawa zilizobadilisha mambo zilikuja kama miaka mitano tu baadaye. Angekuwa kijana wa leo, angemeza tembe yake kila siku na kuendelea kutuimbia hadi uzeeni.

Wewe dawa zimekukuta. Kama hujui hali yako, nenda ukapimwe. Ukirudi, weka ngoma hii, sauti juu kabisa.