Jagadish Bose: Mwanzilishi wa mawimbi mafupi

MFUGAJI wa Oldonyiro, Isiolo, awapo malishoni mbali na umeme, hujua thamani ya betri ya simu. Kero hiyo ndiyo iliyowafuata wahandisi walipoyarudia mawimbi ya Jagadish Chandra Bose, mwanafizikia aliyezaliwa Bengal mwaka wa 1858.

Akifundisha Calcutta, Bose alisusia mshahara wake kwa miaka 3 kwa kuwa ulikuwa chini ya ule wa Wazungu, hata hivyo hakukosa darasani. Hatimaye alilipwa malimbikizo yote. Mnamo 1895 alirusha mawimbi yaliyopenya ukuta, yakapiga kengele na kulipua baruti. Alifikia urefu wa milimita 5, yaani gigahezi 60 hivi.

Masafa hayo yaliingizwa katika kanuni za 5G mwaka wa 2022. Humo milisekunde 1 yaweza kugawanywa vipindi 64, na kukagua mkondo wa maagizo katika kila kimoja kungekilemea kifaa na kumaliza betri. Kwa hivyo kifaa kiliruhusiwa kukagua sehemu chache tu za kundi la vipindi 4 au 8.

Bose aliaga dunia Novemba 1937, siku chache kabla ya kutimiza miaka 79.