Siti binti Saad: muuza vyungu aliyefungua njia ya taarab

Haya wadau, kama mnadhani taarab ilianza na kinanda, someni hii kabla muda wenu wa kafe haujaisha.

Siti alizaliwa miaka ya 1880 huko Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa. Mama yake alikuwa na asili ya Kizigua, kwa hiyo sisi wa Mlalo na Tanga yote tuna udugu naye. Shule hakuingia. Alitembeza vyungu vya mama yake huku akiimba. Mwaka 1911 akahamia mjini, akaiva kwenye taarab, tena kwa Kiswahili, wakati ile ya ikulu ilikuwa ya Kiarabu. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Alifariki Julai 1950. Wasifu wake aliuandika Shaaban Robert, mtu wa Tanga hukuhuku.

Utamu uko hapa: taarab ya zamani watu walikaa wakasikiliza. Wapiga kidumbak wa Unguja wakazichukua nyimbo za taarab, wakazikimbiza. Fidla inaimba, besi ya sanduku na ngoma mbili ndogo zinasukuma, harusini hakai mtu!

Cheza, kijana, ila jina la Siti usiliache nje ya ukumbi. Mnaonaje wadau?