Ndege wake, sifa za mwingine

New Zealand kuna ndege anaitwa tui. Si tui la nazi, bana. Huyu ni mweusi, ana vishungi vyeupe kooni, na ni wa jamii ya wala-asali. Jina lake la kisayansi lina sahihi ya Mjerumani, Gmelin. Lakini Gmelin hakuanza na karatasi tupu. Alitegemea pia maandishi ya John Latham.

Latham alizaliwa Uingereza mwaka 1740, akawa daktari mjini Dartford. Akimaliza wagonjwa, alikuwa akichunguza ndege waliokaushwa, walioletwa na meli kutoka mbali. Kati ya 1781 na 1785 alichapisha vitabu vilivyoeleza ndege kibao. Shida ni moja: aliwapa majina ya Kiingereza tu.

Kwa sayansi, anayetambulika ni yule wa kwanza kuchapisha jina la Kilatini la maneno mawili. Mwaka 1788 Gmelin akampa tui jina la Kilatini. Kwisha.

Latham angesusa. Badala yake, mwaka 1790 akatoa kitabu chake cha Kilatini. Wengi walikuwa wameshamponyoka, lakini mla-asali wa New Holland, kule Australia, ana sahihi ya Latham hadi leo. Akiwa na miaka 81 alianza kutoa vitabu vingine vya ndege. Alifariki 1837, miaka 96.

Kwa hivyo kama una ngoma au wazo limelala kwa simu, litoe mapema, kwa jina lako. Kina Gmelin hawakosi.