Jimi Hendrix: Saini ya dola moja iliyozaa albamu moto

UKITAKA kumjua Jimi Hendrix, usianze na ile picha yake maarufu akiwa amepiga magoti mbele ya gitaa linaloteketea. Anza na Band of Gypsys, albamu iliyorekodiwa mbele ya mashabiki katika ukumbi wa Fillmore East jijini New York, siku ya Mwaka Mpya wa 1970.

Ina nyimbo sita pekee, dakika 45 hivi. Lakini cha kushangaza ni kwamba ilitolewa ili kulipa deni. Na deni lenyewe lilitokana na karatasi aliyotia saini akiwa hana kitu mfukoni.

Hendrix alizaliwa Seattle, Marekani, Novemba 27, 1942. Mamake, Lucille, alikuwa na umri wa miaka 17 tu, naye babake, Al, alikuwa jeshini. Aliitwa Johnny Allen hadi babake aliporudi na kumpa jina jipya, James Marshall. Maisha nyumbani yalikuwa magumu. Wazazi walitalikiana, na Jimi akampoteza mamake 1958 akiwa na miaka 15.

Ni wakati huo alipopata gitaa lake la kwanza, la mtumba, kwa dola tano. Jamaa alikuwa wa mkono wa kushoto ilhali magitaa mengi yalitengenezwa kwa watu wa mkono wa kulia. Dawa yake? Aligeuza gitaa juu chini, akapanga nyuzi upya, akaendelea na kazi. Hakuwa na mwalimu. Aliwasikiliza magwiji wa bluzi kama Muddy Waters na B.B. King, akajifunza kwa masikio.

Mnamo 1961 alinaswa mara mbili kwenye magari ya wizi. Alipotakiwa kuchagua kati ya jela na jeshi, akachagua jeshi. Akiwa kambi ya Fort Campbell, Kentucky, alikofunzwa kuruka kwa parachuti, alikutana na mpiga besi Billy Cox. Shika jina hilo, tutalirudia.

Baada ya kutoka jeshini 1962, Hendrix alihangaika miaka kadhaa akiwapigia wengine gitaa, wakiwemo Isley Brothers na Little Richard. Sifa zilienda kwa wenye majina, yeye akabaki nyuma jukwaani.

Oktoba 1965, akiwa katika hali hiyo ya kusaka riziki, alitia saini mkataba wa miaka mitatu na prodyusa Ed Chalpin. Malipo yalikuwa dola moja pamoja na asilimia moja ya mapato ya mauzo. Ndiyo, dola moja!

Mwaka uliofuata mambo yakabadilika ghafla. Chas Chandler, aliyekuwa mpiga besi wa bendi ya The Animals, alimwona akipiga kwenye klabu New York, akampeleka London Septemba 1966. Huko iliundwa The Jimi Hendrix Experience, akiwa na Noel Redding na Mitch Mitchell. Roki ya saikedeliki, ile ya sauti zinazopinda na kuzunguka kama ndoto, ikapata mfalme. Juni 1967 alichoma gitaa jukwaani Monterey, na Agosti 1969 akafunga tamasha la Woodstock Jumatatu asubuhi, wengi wakiwa wameshaenda zao.

Sasa pesa zilikuwa zinaingia, na Chalpin akaja na karatasi yake. Kesi ikaenda hadi pande zote zikakubaliana kuwa Hendrix atoe albamu moja ya nyimbo mpya, isambazwe na kampuni ya Capitol badala ya kampuni yake mwenyewe.

Kufikia hapo bendi ya Experience ilikuwa imevunjika. Hendrix alimwita rafiki yake wa jeshini, Billy Cox, pamoja na mpiga ngoma Buddy Miles. Wote watatu walikuwa Wamarekani Weusi, jambo lililokuwa na uzito kwa msanii ambaye mashabiki wake wengi walikuwa Wazungu. Walipiga shoo nne kwa siku mbili, na nyimbo zote sita za albamu zikatoka siku ya pili.

Si kila kitu humo ni dhahabu. Kuna sehemu Buddy Miles anarefusha uimbaji mpaka unachoka, na Hendrix mwenyewe hakuridhika kabisa na albamu hiyo. Lakini ukifika Machine Gun, we acha tu! Ni zaidi ya dakika 12. Ngoma inatoa mlio wa bunduki, gitaa linalia kama king'ora, kisha linaomboleza kama mtu. Hendrix aliutoa wimbo huo kwa askari waliokuwa Vietnam na pia kwa waliokuwa wakipambana katika miji ya Marekani. Hakuhitaji maneno mengi, nyuzi zilisema. Zima kila kitu, ongeza sauti, usikilize lile noti moja refu linalofungua solo yake.

Bendi haikudumu. Januari 28, 1970, katika Madison Square Garden, Hendrix aliacha kupiga baada ya nyimbo mbili tu, na huo ukawa mwisho wa watatu hao. Albamu ilitoka Machi, ikafika nambari tano Marekani. Ilikuwa ya mwisho kutoka akiwa hai.

Agosti alifungua studio yake mwenyewe, Electric Lady, ili awe bosi wa kazi yake. Wiki chache baadaye, Septemba 18, 1970, alifariki London baada ya kumeza tembe za usingizi kupita kiasi na kukabwa na matapishi. Alikuwa na miaka 27. Alizikwa Renton, karibu na Seattle.

Mnamo 2019, shoo zote nne za Fillmore zilitolewa kwa pamoja. Sikiliza. Na kama wewe ni msanii chipukizi unayesubiri kuitwa studio, soma mkataba hadi mstari wa mwisho kabla ya kushika kalamu. Hendrix alilipia dola ile moja kwa albamu nzima.