William Farr, Bwana Aliyewahesabu Wafu

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, lakini riziki imenileta Misikhu, kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, ambako nasomesha hesabu. Ni nchi ya mahindi, miwa na ng'ombe, na bahari iko mbali. Mwezi wa Juni 2021 korona ilipopamba moto huku magharibi, serikali iliziwekea Bungoma, Trans Nzoia na kaunti nyingine 11 masharti makali, na kafyu ikaanza saa moja ya usiku. Siku zizo hizo nikapigiwa simu kwamba mjomba wangu amefariki nyumbani kwake Mombasa. Alizikwa alasiri ile ile, kama ilivyo ada yetu, nami sikuwahi hata kutia udongo kaburini mwake.

Baada ya hitima niliuliza kama kifo kile kimeandikishwa. Nikajibiwa kuwa maiti keshazikwa na karatasi haitamrudisha. Nami nikanyamaza. Aliyenifanya nione aibu ya kunyamaza kwangu ni Mwingereza mmoja aliyekufa zamani, na habari zake ndizo nitakazokusimulia leo.

William Farr alizaliwa 1807 katika kijiji cha Kenley, jimbo la Shropshire. Wazazi wake walikuwa mafukara. Mzee mmoja mwenye mali, Joseph Pryce, alimchukua akamlea, na alipofariki 1828 alimwachia fedha za kujisomesha. Farr alisomea utabibu Paris na London, lakini moyo wake ulivutwa zaidi na hesabu kuliko kuuza dawa. Mwaka 1837 mkewe alifariki kwa kifua kikuu. Mwaka huo huo nchi yake ilianza kuandikisha kila azaliwaye na kila afaye, na 1839 Farr akaajiriwa katika Ofisi Kuu ya Uandikishaji. Alikaa humo miaka 40 hivi.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuyapanga magonjwa, ili maradhi yawe na jina moja kila mahali. Maana ikiwa huku wasema homa na kule wasema mkunguru, hutajua ni watu wangapi waliouawa na adui mmoja.

Kisha ikaja ndui. Kati ya 1837 na 1840 maradhi hayo yaliua zaidi ya watu 30,000 katika England na Wales. Wengine waliona vifo vile kama mvua inyeshayo ovyo. Farr akavipanga kwa miezi mitatu mitatu, akaona vina mwendo.

Mwendo wenyewe si mgumu kuufahamu. Wapange wanafunzi wa darasa moja kwa kimo. Wafupi mno ni wachache, warefu mno ni wachache, na wengi wamo katikati. Ukichora idadi yao utapata mchoro mfano wa kawa lililofunika sinia: chini huku, juu katikati, chini tena kule. Wanahesabu walikuwa wakiujua mchoro huo kwa mambo mengi yanayotokea kwa bahati. Farr alijaribu kuuweka juu ya vifo vya ndui kwa kufuata wakati, akaona wakaribiana sana. Katika taarifa yake ya 1840 alieleza kwamba maradhi ya mlipuko hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka kwa utaratibu unaoweza kukadiriwa.

Watu hawakumsikiliza sana mpaka ng'ombe walipoanza kufa. Mwaka 1865 sotoka iliingia Uingereza. Kila majuma manne hesabu ya ng'ombe walioambukizwa ilizidi: karibu 9,600, kisha 18,800, kisha zaidi ya 33,000, kisha karibu 47,000. Bungeni watu walishikwa na hofu kwamba nchi itabaki bila ng'ombe. Mwezi wa Februari 1866 Farr aliandika katika gazeti la Daily News kwamba sotoka iko karibu kugeuka.

Alionaje? Hakutazama ukubwa wa hesabu peke yake, alitazama kasi yake. Mara ya kwanza hesabu ilikaribia kuzidi mara mbili. Mara ya pili ilizidi mara 1.8. Mara ya tatu mara 1.4 tu. Mtu anayepanda mlima huku hatua zake zikifupika, ujue kilele ki karibu. Wengi walimbeza, lakini sotoka ilifika kilele, ikashuka.

Hata hivyo tusimpambe kupita kiasi. Ilishuka polepole kuliko alivyokadiria, na mwezi ule ule serikali ilipitisha sheria ya kuwachinja ng'ombe walioambukizwa, kwa hiyo mpaka leo watu hubishana ni hesabu iliyosadiki au ni kisu kilichofanya kazi. Nasi tumejionea korona: ikashuka, tukapumua, ikapanda tena. Mchoro wa kawa hueleza wimbi moja, wala hauahidi kwamba nyuma yake halipo jingine.

Alikosea pia katika kipindupindu. Vifo vya London vya 1849 vilimwonyesha kuwa waliokaa mabondeni walikufa zaidi ya waliokaa juu, akaamini kwamba sababu ni hewa chafu itokayo mtoni. Tabibu John Snow alishikilia kuwa ni maji, na Farr, ingawa hakukubaliana naye, hakumnyima orodha za vifo. Snow alifariki 1858. Kipindupindu kiliporudi 1866, orodha zizo hizo zilimwonyesha Farr kwamba waliokufa mashariki ya London walikunywa maji ya kampuni moja. Akaacha rai yake ya zamani, akaliandika hilo hadharani. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa sotoka. Alifariki Aprili 1883.

Huku kwetu ilikuwaje? Kipindupindu kilipopiga Unguja 1869 na 1870, tabibu James Christie aliyekaa huko aliandika kitabu juu yake, kikachapishwa London 1876. Lakini hapakuwa na daftari la vifo, hivyo naye alibaki kukisia. Makaburi yalijaa, hesabu yake ikapotea. Sotoka nayo ilifika Afrika Mashariki karibu na 1890, ikawafilisi Wamasai na jirani zao, na hakuna awezaye kusema ni ng'ombe wangapi. Ugonjwa huo umetangazwa kutoweka duniani mwaka 2011, baada ya watu kuufuata na kuuhesabu mpaka kisa cha mwisho.

Huenda msomaji akaniambia kwamba ajali iko mikononi mwa Mola, na hesabu hizi ni kujipurukusha. Naam, ajali ni Yake. Farr hakudai kujua nani atakufa kesho. Alikadiria ni wangapi, ili walio hai wajue wapi pa kupeleka dawa na kisima kipi kifungwe. Huko Kilifi, tangu 2000, watafiti wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuandika waliozaliwa na waliofariki, nao ni watu wetu wanaofungua milango yao. Lakini penginepo wengi hufa nyumbani, huzikwa mapema, na jina halifiki popote. Hapo mchoro huonekana mfupi kuliko ulivyo, na wakubwa husema maradhi hayakufika.

Likizo ilipofika niliteremka Mombasa. Mimi na binamu yangu tukaenda kwa naibu wa chifu, tukataja jina la mjomba, umri wake, siku aliyofariki na jinsi kifua kilivyombana. Ilituchukua asubuhi moja. Kurudi kwake hatukutaraji, lakini sasa yumo katika hesabu, nukta moja katika mchoro wa mwaka ule. Nawe msomaji, ikiwa una wako uliyemzika kimya kimya, jina lake bado lakungoja ulipeleke.