Roger Taney, jaji aliyetaka kumaliza ugomvi wa utumwa kwa hukumu moja

Tarehe 6 mwezi wa tatu mwaka 1857, mzee aliyebakiza siku 11 kutimiza miaka 80 alisoma hukumu katika Mahakama Kuu ya Marekani, mjini Washington. Sauti yake ilikuwa dhaifu, na kusoma kulichukua karibu saa mbili. Mzee huyo ni Roger Brooke Taney, mkuu wa majaji wa nchi. Aliamini kwamba hukumu yake itafunga mjadala wa utumwa uliokuwa umegawa Marekani kwa miaka mingi. Miaka 4 baadaye, Wamarekani wa kaskazini na wa kusini walikuwa wanauana vitani.

Mtoto wa mashamba ya tumbako

Taney alizaliwa tarehe 17 mwezi wa tatu mwaka 1777 katika jimbo la Maryland. Familia yake ilikuwa ya Kikatoliki, yenye mashamba ya tumbako yaliyolimwa na watumwa. Kwa desturi ya wakati ule, shamba liliachiwa kaka yake mkubwa, hivyo yeye alitafutiwa maisha kwa njia ya masomo. Alimaliza chuo cha Dickinson, jimboni Pennsylvania, mwaka 1795, akasomea sheria Annapolis, na kuanza kazi ya uwakili mwaka 1799. Mwaka 1806 alimuoa Anne Key. Kaka wa mke wake, Francis Scott Key, ndiye aliyeandika baadaye maneno ya wimbo wa taifa wa Marekani.

Wakati wa ujana wake, hakuna aliyeweza kutabiri ni kwa jambo gani jina lake litakumbukwa. Aliwaacha huru watumwa aliorithi, na wale waliokuwa wazee mno kufanya kazi aliwapa pesa za kuishi. Mwaka 1819 alimtetea mahakamani Jacob Gruber, mchungaji wa Kimethodisti aliyeshitakiwa kwamba mahubiri yake yalichochea watumwa kuasi. Taney alieleza mbele ya mahakama kwamba utumwa ni doa juu ya taifa. Mchungaji alishinda kesi.

Mtu wa Raisi Jackson

Siasa ndiyo iliyompandisha. Mwaka 1831, Raisi Andrew Jackson alimfanya kuwa mwanasheria mkuu wa serikali. Akiwa katika kazi hiyo, mwaka 1832, aliandika maoni kwamba watu weusi, hata walio huru, hawakuhesabiwa na waandishi wa katiba kuwa sehemu ya raia. Maoni hayo hayakuchapishwa wakati ule, lakini hakuyaacha.

Jackson alikuwa kwenye vita na Benki ya Marekani, aliyoiona kuwa chombo cha matajiri. Mwaka 1833 alimpa Taney wizara ya fedha, naye akaanza kuweka pesa za serikali katika benki za majimbo. Senati ilikasirika. Mwaka 1834 ilikataa kumthibitisha, na kumfanya waziri wa kwanza katika historia ya nchi kukataliwa kwa kura. Mwaka uliofuata ilizuia pia jina lake la kuwa jaji. Kisha mkuu wa majaji John Marshall akafariki, na Jackson akamtaja Taney tena. Mwezi wa tatu mwaka 1836, Senati iliyobadilika ilimpitisha kwa kura 29 dhidi ya 15. Alikuwa Mkatoliki wa kwanza kukaa katika mahakama hiyo.

Kwa miaka 20 alisifiwa kama jaji makini. Mwaka 1837, katika kesi ya madaraja ya Boston, aliamua kwamba kampuni yenye daraja la zamani haiwezi kuzuia jimbo kuruhusu daraja jipya, kama mkataba wake hautamki wazi kwamba ni yake peke yake. Alilinda mamlaka ya majimbo, na alishika msimamo kwamba katiba isomwe kama ilivyoeleweka siku ilipoandikwa.

Kesi ya Dred Scott

Msimamo huo ndio aliouleta katika kesi ya Dred Scott. Scott alikuwa mtumwa wa daktari wa jeshi. Bwana wake alimpeleka kuishi Illinois, kisha katika eneo la kaskazini ambako mapatano ya Bunge ya mwaka 1820 yalikataza utumwa. Baada ya kurudishwa Missouri, yeye na mke wake Harriet walifungua kesi mwaka 1846 kudai uhuru wao. Walishinda mwaka 1850, wakashindwa kwenye mahakama ya juu ya jimbo mwaka 1852, na kesi ikafika Washington.

Taney angeweza kuimaliza kwa sababu ndogo ya kisheria. Hakufanya hivyo. Aliamua kwamba mtu mweusi ambaye wazee wake waliletwa kama watumwa hawezi kuwa raia wa Marekani, awe mtumwa au huru, kwa hiyo Scott hakuwa na haki ya kushitaki katika mahakama za serikali kuu. Akaongeza kwamba Bunge halina mamlaka ya kukataza utumwa katika maeneo mapya, kwa sababu mtumwa ni mali na katiba inalinda mali. Majaji 7 walikuwa upande huo, 2 walipinga. Mmoja wao, Benjamin Curtis, alionyesha kwamba katiba ilipokubaliwa, watu weusi huru walikuwa na haki ya kupiga kura katika majimbo 5. Hoja hiyo ilipiga msingi wa hukumu, kwa kuwa Taney alidai kufuata nia ya waasisi. Curtis aliacha kazi mwaka huohuo.

Scott aliachwa huru na bwana mwingine wiki chache baadaye, lakini alifariki mwaka 1858. Hukumu haikutuliza chochote. Watu wa kaskazini waliona kwamba sasa hakuna eneo litakalobaki bila utumwa. Abraham Lincoln aliipinga waziwazi, na mwaka 1860 akachaguliwa kuwa raisi. Taney ndiye aliyemwapisha.

Mwisho wa upweke

Walikutana tena kwa ubishi mwaka 1861. Jeshi lilimkamata John Merryman, raia wa Maryland, na kumfunga. Taney aliagiza aletwe mbele ya jaji, akaandika kwamba ni Bunge tu linaloweza kusimamisha haki hiyo ya mfungwa. Jeshi halikutii, na Lincoln hakulilazimisha. Hata baadhi ya wanaomlaumu Taney kwa kesi ya Scott wanaona kwamba hapo alikuwa na hoja nzito.

Alifariki tarehe 12 mwezi wa kumi mwaka 1864, akiwa na miaka 87 na bado mkuu wa majaji. Siku hiyohiyo, Maryland ilikuwa inapiga kura juu ya katiba mpya iliyofuta utumwa. Mwaka 1868, badiliko la 14 la katiba ya Marekani lilitamka kwamba kila anayezaliwa nchini na kuwa chini ya sheria zake ni raia. Ilibidi vita na katiba kurekebishwa ili hukumu yake ifutwe.

Mwaka 2017, wazao wa Taney waliomba msamaha kwa wazao wa Scott huko Annapolis, karibu na sanamu yake. Miezi michache baadaye sanamu iliondolewa. Sanamu nyingine, iliyokuwa katika jengo la Bunge mjini Washington, ilitolewa mwaka 2023. Sheria iliagiza nafasi yake ichukuliwe na sanamu ya Thurgood Marshall, jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama Kuu, mzaliwa wa Maryland kama Taney, na mzao wa watumwa.