Masinde na Wenzake Wasiotajwa

Kila nipitapo barabara ya Thika na kuliona lango la hospitali ya Mathari, humkumbuka Elijah Masinde. Wanafunzi wetu humjua kuwa kiongozi wa Dini ya Msambwa. Ni wachache wanaofahamu kwamba kati ya 1945 na 1947 alifungiwa humo, akihesabiwa miongoni mwa wendawazimu.

Masinde alizaliwa Kimilili, Bungoma, mwanzoni mwa karne ya 20. Ujanani alisifika kwa kandanda, hata akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Alikuwa muumini wa Kanisa la Friends, lakini baadaye akaliacha, akawahimiza Wabukusu warudie mila za wahenga na kuwataka wazungu waondoke. Mwaka 1944 alikaidi amri ya serikali ya kung'oa magugu mashambani. Mwaka uliofuata alipelekwa Mathari.

Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kuwatengea wagonjwa wa ndui. Enzi za Masinde iliongozwa na daktari J. C. Carothers, ambaye katika miaka ya 1950 aliandika kwamba Mwafrika hatumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Kwa macho ya namna hiyo, mkaidi na mgonjwa wangetofautishwaje?

Masinde aliachiliwa mwaka 1947. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi, wakaua watu 11, naye akahamishiwa Lamu kizuizini. Hata baada ya uhuru alirudishwa gerezani mara kadhaa, hadi alipofariki mwaka 1987.

Jina lake lilidumu kwa sababu alikuwa na wafuasi wa kulitaja. Je, wale waliolala karibu naye? Mfungwa huhesabu siku zake. Aliyeitwa mwendawazimu hakuwa na siku ya kuhesabu. Bila shaka wengi wao walikuwa wagonjwa kweli, lakini ugonjwa haumwondolei mtu haki ya kukumbukwa.

Kwa hivyo nawasihi walimu wa historia: mnapofundisha habari za Masinde, msiiruke Mathari. Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee wenu ni nani katika ukoo aliyepelekwa huko asirudi. Jina lake likipatikana, litajwe pamoja na ya ndugu zake, wala lisionewe aibu.